Siku Makochi Yalipoondoka

Jumapili iliyopita binti yangu wa mwisho alikuwa anapekua picha kwenye simu ya baba yake. Akaja mbio mpaka jikoni, kanishikia moja. "Mama, kumbe zamani tulikuwa matajiri?"

Nikaiangalia. Ile sebule ya nyumba tuliyokuwa tumepanga Njiro, hapa Arusha. Makochi ya rangi ya maziwa, seti nzima, yamevishwa vitambaa vyeupe mgongoni na mikononi. Meza ya kioo. Kabati la vyombo limeshonana mpaka mlango mmoja haufungi. Na yale maua ya plastiki, ambayo naomba tusiyaongelee. Nikamwambia hatukuwa matajiri, tulikuwa na vitu vingi tu. Akauliza si ndiyo hivyo hivyo? Nikamtuma chumvi dukani.

Habari za 2020 mnazijua. Machi 16 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa, tena hapa hapa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na sisi tunaokula kwa watalii tukaanza kutazamana. Ofisi niliyokuwa nashika hesabu zake ilitupa barua ya likizo bila malipo, "mpaka hapo mtakapojulishwa". Hadi leo sijajulishwa. Mei 18 anga ikafunguliwa, lakini wageni hawakushuka uwanja wa ndege wa KIA siku hiyo wamepanga foleni. Kodi ya Njiro ililipwa kwa miezi sita, na miezi sita ilikuwa inaisha. Tukapata nyumba Sakina: vyumba viwili, na sebule ambayo kochi la watu watatu likiingia, binadamu wanabaki nje.

Basi ikabidi tuuze.

Ilikuwa Juni, ile baridi ya Arusha ya mawingu yanayokaa juu ya Meru kutwa nzima. Mama mdogo alikuja asubuhi kutoka Usa River kunisaidia kufunga mizigo. Yeye hapigi hodi mara mbili. Alianza na kabati la vyombo. Akatoa hotpoti moja, bado ina stika, nailoni haijabanduliwa. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ulikuwa unamsubiria nani?"

"Wageni, mama mdogo."

"Wageni gani? Mimi si nimekuja hapa miaka yote, nanywea kikombe cha plastiki?"

Sikuwa na jibu. Vikombe vya kila siku vilikuwa vimeshaingia kwenye boksi na limefungwa gundi, kwa hiyo siku hiyo tulikunywa chai kwenye vile vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, zawadi ya harusi yangu. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana na chai.

Saa nane hivi dalali akaleta mnunuzi, baba mmoja mpole na mkewe. Wakayabonyeza makochi, wakayapindua, wakagonga mbao. Bei ikashuka kwa kila kubonyeza. Nilikubali laki tatu kwa kitu nilichonunua karibu laki tisa, na kirikuu kikasogezwa getini. Hapo yule mama akasema, "Na vitambaa vyake."

Vitambaa vile alivifuma marehemu mama yangu mwaka nilioolewa. Nilitaka kusema, sauti ikagoma. Mama mdogo akatoka chumbani na gundi mkononi.

"Mama, kochi ni lako. Vitambaa vina mwenyewe."

"Lakini kwenye picha ya dalali vilikuwepo."

"Hata huyu alikuwepo," akanionyesha mimi. "Naye unapakia?"

Dalali alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mdogo akavivua kimoja kimoja, hana haraka, anakikunja juu ya goti, anakilainisha kwa kiganja, ndipo anashika kingine. Dereva wa kirikuu akapiga honi. Hakugeuka hata kumtazama.

Walipoondoka, sebule ikabaki na mwangwi. Rangi ya ukuta pale lilipokuwa kabati ilikuwa mpya, kwingine imechoka. Tukatandika mkeka. Nilidhani tutaendelea kufunga mizigo, lakini yeye akavuta kikapu chake akatoa sweta la mtumba, la kiume, kijani iliyokolea, kubwa kama la askari wa zamu. Kalipata soko la Kilombero kwa buku. Nikashukuru, nikasema litamfaa mume wangu.

"Nani kasema la kuvaa?"

Akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Akanishika mkono nami nipitishe. "Unaona? Halijapigwa ovaloki. Wamefuma kila kipande peke yake, ndiyo wakaunganisha." Sweta lililokatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia kingo zisifumuke, ukilifumua linakupa vinyuzi vifupi vifupi, kila mstari umekatika, hasara tupu. La namna hii linakupa uzi mmoja mrefu. Akatafuta uzi wa kuunganishia, akaukata kwa wembe, akavuta, na ubavu mzima ukaachia. Kisha mikono. Kisha shingo. Pale shingoni ndipo fuma ilipomalizikia, na inapomalizikia ndipo inapofumukia. Akadonoa kidogo, akavuta, na mstari wa kwanza ukatembea kutoka bega hili hadi bega lile, mashimo yanafunguka yenyewe.

Nikapewa kazi ya kuzungushia kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama tambi. Ulinukia sabuni ya nyumba ya watu, huko ulikotoka, na tukaanza kumbuni mwenye sweta: mzee, mama mdogo alisema, maana kiwiko cha kulia kimesagika, alikuwa anaegemea dirishani. Akanisimulia miaka ya mwanzo ya themanini, ya foleni za RTC, maduka ya serikali, sukari na sabuni vinapatikana kwa kujuana. Uzi wa sweta ungeuziwa na nani? Yeye na mama yangu walikuwa wanafumua sweta la shule la mkubwa aliyemaliza, wanamfumia mdogo anayeanza. Mama hakuwahi kunisimulia hilo. Niliwahi kulivaa moja, kwa hesabu ya miaka. Sikumbuki hata rangi yake.

Katikati ya mgongo nikamuuliza, "Mama mdogo, unadhani nitapata kazi nyingine?"

"Usiubane hivyo. Legeza, usije ukavutika."

Tukafunga mafungu kwa kamba sehemu nne ili yasitatizike, tukayalowesha kwenye maji ya vuguvugu, hakuna kukamua, tukayaanika kivulini na kutundika chupa ya maji chini ya kila fungu ili uzi unyooke. Huko nje giza lilikuwa linaingia. Ndipo nikashtuka kwamba tangu kirikuu kiondoke sijawaza kodi hata kidogo. Nilijisikia mwepesi. Nimewahi kumweleza mume wangu, akasema wepesi ule ulikuwa ni zile laki tatu mfukoni. Inawezekana. Siwezi kuapa.

Kroshia mama mdogo alinifundisha kule Sakina, wiki za kuanzia. Kitambaa changu cha kwanza cha mviringo nilisahau kuongeza matundu kila mzunguko, kikajikunja pembeni, mtoto akakivaa kichwani. Sasa nafuma blanketi za wachanga, za vipande vya mraba, nauza mbili tatu mwezi ukiwa mzuri. Vikombe vya ukingo wa dhahabu vinatumika hata Jumanne, na viwili vimeshavunjika. Hotpoti nilimpa mama mdogo. Naambiwa kaiweka kabatini.

Msije mkadhani nimekuwa mtawa. Nikipita kwa mafundi wanaopanga makochi barabarani, macho yanakwenda yenyewe. Mwaka juzi tulipata kahela, tukawa tunaweza kununua seti ndogo. Tulijadiliana wiki nzima, tukaishia kununua tangi la maji. Sijui kama ni kuridhika au ni kwamba sasa namjua dalali.

Na kuna jambo la mvunguni. Mifuko ya uzi imejaa chini ya kitanda: wa kijani, wa bluu, masweta ambayo bado sijayafumua kwa sababu siku nyingine Kilombero wanauza matatu kwa bei ya mawili. Mume wangu alipiga magoti juzi kutafuta kiatu, akanyamaza muda mrefu kule chini. Akauliza kama hayo si makochi yamebadilisha sura tu. Nikamwambia huo ni mtaji. Amekubali, ila mtaji usivuke upande wake wa kitanda.