Bomba fupi la uma na kishikio cha usukani

Wiki hii nimefunga uma wa mtumba (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) kwenye baiskeli yangu, wa aina isiyo na nyuzi za skrubu juu, ambao mwenye awali alikwisha kulikata bomba lake linalopanda hadi kwenye usukani. Lilitokeza milimita 27 tu juu ya kifuniko cha beringi ambazo uma huzungukia, ilhali kishikio cha usukani, yaani kipande kinachobana bomba hilo na kuubeba usukani, kina kimo cha milimita 40, maana yake bolti yake ya pembeni ya juu ingebana mahali pasipo na bomba ndani. Hilo halikubaliki hata kidogo, kwa kuwa kishikio kinaweza kupasuka au kuteleza, na usukani ukaachana na gurudumu la mbele ukiwa mteremkoni.

Pete za kujazia nafasi chini ya kishikio zote zilikuwa zimeshaondolewa. Kilichosaidia ni kubadilisha kifuniko cha beringi chenye kimo cha milimita 15 na kuweka kingine cha milimita 5, hivyo bomba likafika milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa kishikio, nafasi inayotakiwa ili bolti ya kati, inayoingia kutoka juu, iweze kukaza beringi. Bolti hiyo huondoa kulegalega kwa beringi tu; zinazoshika kishikio kwenye bomba ni bolti mbili za pembeni, nazo nilizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kishikio chenyewe, nyutoni-mita 5.

Kama kifuniko kifupi kisingepatikana, ningetafuta kishikio chenye kimo kidogo, au ningeuacha uma huo kabisa.