Mkono wa mume wangu na namba ambayo sikuiuliza

Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi mwezi wa Juni, wakati wa baridi ile ya Uyole ambayo hata maji ya kunawa yanauma. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto haukurudi: kiwiko kilijikunja, ngumi ikafunga, na kadiri miezi ilivyokwenda ukazidi kukaza. Asiyewahi kuuguza mtu wa namna hii hajui kazi iliyopo katika kukata kucha tu. Vidole vimebana kiganja, kucha zinachimba nyama, ndani kuna jasho na harufu, na ukivuta kwa haraka ndipo mkono unapokaza zaidi. Nilikuwa nafungua kidole kimoja kimoja nikianzia cha mwisho, napitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nakausha, kisha namshikisha gunzi la mahindi nililolizungushia kipande cha kanga ili ngumi isifunge tena. Hilo la gunzi nililibuni mwenyewe, na yule dada wa fiziotherapia alipoliona aliniambia niendelee nalo.

Kwa hali hiyo mtaelewa furaha yangu shemeji aliponitumia ujumbe: "Shemeji, kuna watu wanafanya utafiti wa dawa mpya ya misuli iliyokakamaa, nafasi chache, wahi." Nikapiga. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, kila sentensi "mama". Ada ya kujiandikisha kama laki moja na nusu, tukaituma kwa simu. Kisha wakasema mgonjwa aache dawa zote wiki nzima, damu isafishike kabla ya sindano ya kwanza.

Mzee alikuwa kwenye baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokaza, kidonge asubuhi, mchana na jioni. Nikazikata zote siku ya Jumapili. Jumanne usiku jasho lilimtoka hadi shuka zikalowa, mwili mzima ukakaza, hata ule mguu uliokuwa umelainika. Akaanza kuongea na mama yake, ambaye tulimzika Tukuyu miaka tisa iliyopita, anamwomba asogee ng'ombe wapite. Alfajiri akatikisika mwili mzima, macho juu. Tulimpakia kwenye bajaji watu watatu tukimshikilia. Daktari aliposikia nilichofanya alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, dawa hii haikatwi ghafla. Inapunguzwa polepole, na daktari ndiye anayepunguza." Kukata ghafla ndiko kulikoleta kuona vitu visivyokuwepo na ile mitikisiko. Nimelirudia neno hili kwa kila mtu anayeuguza pale mtaani kwetu, na sitachoka kulirudia. Wale watu simu yao haikupatikana tena.

Binti yetu anasoma Iringa. Nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: "Mama, hukuwauliza namba?" Namba gani? Ndipo akanifundisha. Utafiti wa kweli wa dawa kwa binadamu huandikishwa mahali ambapo yeyote anaweza kuusoma. Upo mtandao wa Marekani, ClinicalTrials.gov, uliofunguliwa mwaka 2000, na ipo orodha ya Afrika iitwayo PACTR, na kila utafiti una namba yake. Hapa nchini lazima kuwe na kibali cha maadili, ambacho ngazi ya taifa hutolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ukiwa ni wa dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo iwe imeuruhusu. Jirani yangu aliyewahi kushiriki utafiti wa kifua kikuu hapa Mbeya aliongeza jambo lililoniuma: "Mimi nilirudishiwa nauli. Wewe umelipa ili ujaribiwe?"

Tukaanza kusoma, binti akitafsiri kwenye simu. Tafiti nyingi tulizozikuta zilikuwa Ulaya, Marekani na Asia, ila masharti yake yalinifundisha kuliko nilivyotegemea. Wanauliza kiharusi kina muda gani. Wanauliza kama mgonjwa alishachomwa sindano ya botulinamu, ile ya kulegeza misuli, kwa sababu nguvu yake hukaa takriban miezi mitatu, na aliyechomwa juzi atawavurugia hesabu. Wanauliza kipimo cha Ashworth. Nikaenda nacho kwa yule dada wa fiziotherapia. Akaukunjua mkono wa mzee na kunionyesha: kuanzia 0, misuli isiyokaza, hadi 4, kiungo kisichokwenda kabisa, na kati ya 1 na 2 kuna 1+. Kiwiko akakipa 3. Kisha akavuta tena polepole sana, na kiwiko kikafunguka zaidi. Akasema hiyo ndiyo habari njema, maana kiungo kilichoganda hakifunguki hata ukivuta kwa upole, na wengi wa namna hiyo hawachukuliwi. Tangu siku hiyo kunyoosha mkono hakujarukwa hata siku ya msiba.

Lakini kilichonikaa zaidi ni plasebo, ile inayofanana na dawa huku ndani haina dawa. Mgonjwa hajui amepewa ipi, na mara nyingi hata anayempima hajui. Mimi nilikuwa nimeshanunua chupa kama nane za mafuta ya kuchua pale Mwanjelwa, elfu kumi na tano kila moja. Nikamwambia mzee nataka kuyapima, ila hatajua wiki ipi ni ipi. Akakubali. Yale mafuta yananukia karafuu, basi nikapasha alizeti pamoja na karafuu hadi harufu zikalingana, nikajaza chupa mbili sawa, moja nikaifunga uzi mwekundu chini ya kitako. Wiki moja hii, wiki inayofuata ile. Jumamosi asubuhi kijana wa jirani, wa kidato cha pili, anakuja na rula yake, anavuta vidole polepole kama alivyofundishwa, anapima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiganjani, anaandika daftarini bila kuambiwa lolote. Wiki nane. Wiki za dawa, sentimita tatu hadi nne. Wiki za alizeti, tatu hadi nne. Na mzee alisifia zaidi wiki mbili ambazo zote zilikuwa za alizeti!

Najua mkono mmoja si utafiti. Ila sijanunua chupa ya tisa. Baadaye tulijaribu taulo la moto kabla ya kunyoosha, tukafika tano. (Joto lipime kwenye ngozi yako kwanza, mkono wa mgonjwa unaweza kuungua bila yeye kuhisi.)

Mwezi uliopita simu nyingine ilikuja, utafiti mwingine, nafasi chache tena. Nikachukua kalamu. Nikaomba namba ya usajili, kibali, na fomu ya ridhaa ya Kiswahili nikaisome nyumbani na daktari wetu. Nikauliza akidhurika nani anagharamia, na kama tunaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Mwisho nikauliza: na baklofeni tunaifanyaje? Akajibu, "Ataacha tu, mama." Simu nilikata mimi.

Daftari liko kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi za hospitali, vipimo vya Ashworth na orodha ya dawa. Ukija utafiti wenye namba, tuko tayari. Jumamosi iliyopita kijana ameandika tano na nusu, na kucha nilizikata zote tano bila mzee kukunja uso.