Stima zilipopotea, nikaiona Sombrero

Jana usiku stima zilipotea mtaa wetu wote hapa Kasarani, nami nikapanda paani na darubini yangu ya milimita 130, nikisukuma kando nguo za watu kwenye kamba. Februari hii, ikifika saa tisa usiku, galaksi ya Sombrero (M104) huwa karibu utosini kwetu Nairobi. Siku nyingine taa za mtaa huimeza kabisa.

Nilianzia kwenye nyota nne za kundinyota la Kunguru, nikapanda polepole kuelekea kaskazini. Ukiikodolea macho, inatoweka. Tazama pembeni kidogo, maana mwanga hafifu hunaswa vizuri zaidi na seli zilizo nje ya kitovu cha jicho. Ikajitokeza: kimstari cha ukungu, katikati pameng'aa kidogo. Rangi hakuna, msidanganywe na picha za Hubble, ile darubini ya angani! Mwanaastronomia Mfaransa Pierre Méchain aliigundua 1781, na nuru yake imesafiri takriban miaka milioni 30.

Askari wa geti alipanda kuangalia nani anatembea juu usiku huo. Akachungulia. "Bosi, ni hiyo tu?"

Ni hiyo tu. Lakini hakubanduka pale mpaka stima ziliporudi.