Siku ya tatu baada ya mafuriko: Jumamosi yangu kando ya Ziwa Kivu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Usiku wa Jumatano mto Kawa ulifurika ukaingia majumbani mwa watu, na tangu hapo usingizi wangu ni mwepesi. Nafundisha watoto kuogelea hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Jumamosi ndiyo siku wanayoingoja wiki nzima, na leo kuna jua.

Saa kumi na mbili. Nafika ufukweni na fimbo yangu ndefu. Ukilitazama ziwa kutoka barabarani, utasema hakuna kilichotokea: limetulia kabisa. Ukingoni maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kawa unashuka kutoka Kadutu, sehemu ya mji wetu, unapita kati ya nyumba na vyoo, na kila ulichozoa unakuja kukitua huku. Naona chupa za plastiki kila mahali, gogo la mkaratusi lililozama nusu, mbuzi aliyekufa, na kipande cha bati.

Lile bati lilinisimamisha. Miaka michache iliyopita, siku ya pili baada ya mvua kama hii, niliwaruhusu watoto waingie kwa sababu walinisihi na jua lilikuwa linawaka. Mmoja akakanyaga bati lililofukiwa na tope. Jeraha lilifika mfupani. Alipona, na mama yake hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Mimi sijasahau.

Nikachoma fimbo ukingoni. Mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa pagumu, imezama mpaka nusu. Maji yamekula udongo kwa chini, juu pamebaki majani tu, na mtoto akisimama pale anakwenda nao.

Saa mbili. Wamekuja kumi na mmoja, taulo mabegani. "Kocha, maji iko shwari! Tuingie kidogo tu, mpaka mu magoti!"

Nikawaambia leo hakuna anayeingia. Baba mmoja akanisogelea: "Kocha, nililipia mwezi mzima. Mutoto arudi mukavu juu ya nini?"

"Papa, ile maji imepita mu vyoo ya watu. Mutoto akimeza kidogo tu, anaweza kupata kipindupindu. Makuta nitakurudishia."

Hakujibu. Alikaa juu ya jiwe, akabaki mpaka mwisho wa somo.

Somo lenyewe tulilifanyia nchi kavu, na kwangu ndilo somo kubwa kuliko kupiga mbizi. Nilileta mabidoni, yaani madumu ya plastiki, matatu ya lita tano na kamba. Unatia maji kidogo ndani ya bidoni ili liwe na uzito wa kuruka mbali, unafunga vizuri, unafunga kamba kwenye mkono wake. Mtu akizama, humrukii. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, hata shingo ya ndugu yake, na wote wawili wanakwenda chini. Unapiga kelele kuita watu wazima, unarusha bidoni ng'ambo ya kichwa chake, unalala kifudifudi ili usivutwe, kisha unavuta polepole. Walirusha mara nyingi mno. Binti mmoja wa miaka tisa alimpata "mzamaji" wetu, yaani gurudumu la gari nililoliweka nyasini, mara nne mfululizo. Baba yule alinyanyuka, akaomba naye ajaribu.

Saa sita. Vijana wa kartie, mtaa wetu, walinitafuta niwasindikize kutembea mlimani, kama tunavyofanya mara nyingi. Nikakubali twende mpaka pale njia itakaponiridhisha, si zaidi. Hatukufika mbali. Juu ya shamba la mihogo ardhi ina ufa mpya unaoingia kiganja kizima, na migomba mitatu imeinamia upande wa bonde.

"Kocha, si mvua ilishaisha?"

Mvua imeisha, lakini udongo bado umeyabeba maji yote, na mlima unaweza kuporomoka siku kadhaa baadaye jua likiwa linawaka. Nikawaonyesha kijito. Kikipungua ghafla wakati juu kunanyesha, pengine kimezibwa na tope, na siku tope likiachia, maji yote yatashuka kwa pamoja. Hapo ni kupanda pembeni upesi, si kukimbia kufuata bonde. Kijana mmoja alitaka kuvuka kwa kurukia mawe, nikamshika mkono. Maji ya sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Hakuna aliyebisha nilipotaja Kalehe, kaskazini mwa Bukavu kando ya ziwa hili. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mito ilishuka na mawe na magogo, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafunikwa, wakafa watu zaidi ya 400. Mmoja wa hawa vijana ana shangazi yake kule. Tukageuka.

Saa nane. Nakula fufu, ugali wetu, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Maji ya kunywa nilitoka nayo nyumbani, yamechemshwa.

Saa tisa na nusu. Familia moja inataka mtumbwi waende kupiga picha. Ngurumo imesikika upande wa kisiwa cha Idjwi. Nikamwomba mama yao wangoje dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikanguruma tena, tukaanza kuhesabu upya. Mwishowe waliondoka bila picha, na watoto wao walilia. Nilisikitika nao kweli.

Saa kumi na moja. Mvulana mmoja amekatwa na chupa akitafuta mpira topeni. Maji safi, sabuni, kitambaa kisafi, halafu nikampeleka mwenyewe kwa mama yake, nikamwomba kesho asubuhi aende naye kituo cha afya wamwangalie kuhusu chanjo ya pepopunda.

Saa moja usiku. Nawaandikia wazazi: "Kesho pia hakuna kuingia majini. Jumatano nitashuka alfajiri na fimbo, nitawaambia. Watoto waje na bidoni tupu na viatu vilivyofunika miguu."

Baba wa asubuhi amejibu wa kwanza. Anauliza kamba iwe ya mita ngapi.