Gauni la Kuchomwa

Mama mkubwa alisimamisha cherehani, akavua miwani.

"Unasema nishone robu, kisha muichome?"

"Ndiyo, Mama."

"Nguo mupya?"

"Mupya."

"Ku inive banawafundisha bintu gani?"

Ilikuwa 2011. Abbey Lincoln, mwimbaji wa jazi na mwigizaji Mmarekani mweusi, alikuwa amefariki New York mwaka uliotangulia, tarehe 14 Agosti, akiwa na miaka 80, na kikundi chetu cha tamthilia pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo, kilikuwa kimeamua kuigiza maisha yake. Mimi nilipewa kuwa Abbey kwa sababu nilikuwa mwanakwaya na sikuwa na aibu. Mwongozaji wetu alikuwa na jambo moja ambalo hakukubali kulijadili: lazima gauni liungue mbele ya watu.

Gauni hilo lina kisa chake. Katika filamu The Girl Can't Help It ya 1956, Abbey alivishwa gauni ambalo Marilyn Monroe, nyota mzungu wa sinema, alikuwa ameshalivaa katika filamu nyingine. Mwaka uliofuata jarida la Ebony likamweka kwenye jalada akiwa nalo. Wenye biashara waliona wamepata Monroe wao mweusi: kiuno kibanwe, mabega yaonekane, sauti itafuata. Halafu akawa karibu na mpiga ngoma Max Roach, akaanza kujiuliza anamwimbia nani, na mwishowe akalitia gauni kwenye tanuru la takataka. Nimesoma watu wengi wakilisifu tendo hilo. Mama mkubwa ndiye wa kwanza niliyemsikia akiuliza:

"Na kesho yake alikula nini?"

Nikamweleza nilichokijua. 1960 aliimba katika We Insist!, albamu ya Max Roach. 1961 akatoa albamu yake Straight Ahead, kisha ikapita zaidi ya miaka 10 kabla hajarekodi tena albamu kwa jina lake, tena huko Japani. Katikati ya ukame huo ndipo zikaja filamu zake 2 kubwa, Nothing But a Man ya 1964 na For Love of Ivy ya 1968, pamoja na Sidney Poitier.

"Kumbe alilala njaa," akasema, akaendelea kushona.

Jioni nikamletea ile ya 1964 kwenye kompyuta ya kuazima, tukaiwahi kabla umeme haujakatika. Mume wa Mama mkubwa, Papa, alikuwa mtu wa reli maisha yake yote, naye akavuta kiti, maana Duff, kijana wa kwenye hadithi, ni kibarua wa reli kule Alabama. Anamwoa Josie, mwalimu, binti wa mchungaji, na mchungaji hamtaki. Josie ndiye Abbey. Papa alishughulika kuwakosoa vibarua namna wanavyoshika vifaa. Mama mkubwa akasema, "Simamisha hapo," akasogeza uso hadi karibu na kioo, vidole vikipima hewani: kola, kiuno, pindo linaishia wapi. Hakusema neno juu ya uigizaji.

Kilichomfanya akubali ni majina. Abbey alizaliwa Chicago 1930 akiitwa Anna Marie Wooldridge. Kwenye vilabu akawa Gaby Lee. Halafu ndiyo Abbey Lincoln. Miaka ya 1970, baada ya kuachana na Max Roach, alizuru Afrika kwa mwaliko wa mwimbaji Miriam Makeba. Guinea, Rais Sékou Touré akampa jina Aminata. Huku kwetu, enzi hizo Zaire, waziri wa habari akamwongezea Moseka. Akarudi kwao akiwa Aminata Moseka.

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, 1972, yeye alikuwa msichana wa shule aliyebatizwa Bernadette. Nyumbani wakamrudishia jina la bibi mmoja mkali ambaye hakuwahi kumpenda.

"Sie balitunyanganya, yeye balimupa! Na alifurahi!"

Akashona magauni mawili. La Josie alilipenda. Filamu haina rangi, kwa hiyo akachagua mwenyewe buluu, akalipiga pasi mara kwa mara. Jekundu, la kuchomwa, lilitokana na mabaki ya nailoni ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nalo akalishikiza kwa mkono tu. "Ya moto haiombe mashine." Hakukumbuka kwamba kabla ya moto kuna nyimbo.

Tulicheza kwenye ua wa parokia, kwa kuwa ukumbi tulinyimwa waliposikia habari za moto. Wimbo wa kwanza tu, nilipoinua mikono, ubavu wa kushoto ukaachia. Niliimba nimejibana kama mgonjwa wa kichomi.

Ukafika wakati wenyewe. Nikatoka nyuma ya pazia nimevaa la buluu, nikalitupa jekundu kwenye mbabula, jiko la makaa. Wamama wa mbele wakapiga kelele: "Eh! Mutupatie sie!" Nailoni haikuwaka kama tulivyotarajia, ilijikunja, ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi uliowafukuza waliokaa kwenye mabenchi ya mbele. Hapo hapo mpiga ngoma wetu akaanza Triptych, ile sehemu ya We Insist! ambayo Abbey hana hata neno moja, na katikati yake anapiga mayowe. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi porini nyuma ya kampasi. Nikayatoa yote. Kijana mmoja akadhani nimeungua, akanyakua ndoo ya maji, akatumwagia mimi na mbabula pamoja.

Majivu yaliruka hadi kwenye ngoma. Wengine walipiga makofi, wakiamini ndivyo ilivyoandikwa. Mpiga ngoma hakusimama, basi nami niliendelea kulia, nimelowa chapachapa, na mayowe yale hayakuhitaji mazoezi. Ilikuwa Juni; anayeijua baridi ya Lubumbashi ya Juni atanielewa.

Sehemu ya mwisho, kuanzia 1990 alipoingia kampuni ya muziki ya Verve akirekodi nyimbo alizotunga mwenyewe, tuliikimbiza kwa sababu ya meno yangu kugongana. Inaniuma, maana kwangu mimi Abbey wa uzeeni ndiye bora kuliko wote.

Mama mkubwa alinifuata nyuma ya pazia. Sikupewa pole. Alishika pindo la buluu, akalikamua.

"Vua, niianike. Kuko bamama ba kwaya banataka ya vile."

Kisha akataka kujua nani analipa kitambaa chekundu. Nikamwonyesha mwongozaji, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika getini.