Perege wa maji ya magotini

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na msimamo mmoja kuhusu perege: ukiwataka kwa ndoano, wafuate kwenye maji ya magotini. Wavuvi wengi wa Hombolo walisukuma mitumbwi hadi kwenye kina wakatege nyavu. Yeye alipita pembezoni, karibu na matete, akisukuma kwa upondo mtumbwi mwembamba mahali ambapo mtu mzima angeweza kushuka na kutembea.

Likizo ya mwezi wa tisa, nikiwa kidato cha pili, alikubali nimfuate. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na kwa sisi wa Dodoma, ambako mito mingi hubaki mchanga mtupu mvua zikiisha, kuona maji mengi vile mwezi wa tisa ni neema. Tuliondoka alfajiri kwa sababu ya upepo. Msimu ule upepo huanza jua likishapanda, na ukianza tope linatibuka, huoni chini tena.

"Mama, usigonge ubavu wa mtumbwi," aliniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Ukigonga tu, wote wameondoka."

Vifaa vyake vilikuwa fimbo ya mwanzi, mshipi mwembamba wa nailoni, na boya alilolikata kwenye ndala kuukuu. Ndoano ilikuwa ndogo kabisa, maana mdomo wa perege ni mdogo. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, hakufunga. Kwenye maji mafupi, alisema, risasi ikianguka inawatisha samaki na kumzamisha nyungunyungu kwenye tope. Bila risasi anashuka polepole, na perege anapata muda wa kumtazama na kumtamani. Nimevua sehemu nyingine tangu siku ile, na bado sifungi chubwi nikiwa kwenye kina kifupi.

Perege wa kwanza alinichoma. Mjomba akanionyesha namna ya kumshika: kiganja kinaanzia kichwani kwenda mkiani, kikilaza miiba ya mgongo njiani, ndipo unafunga vidole. Ukimshika kwa kumvamia, lazima utoke damu.

Tulipoingia kwenye kona moja ambako maji yalikuwa yametulia, aliinua upondo, akaacha mtumbwi uelee wenyewe. "Tazama chini. Usitupe ndoano."

Mwanzoni niliona tope tu. Kisha nikaona mashimo ya mviringo, mapana kama sinia, yamefagiliwa safi, yamepangana jirani jirani. Juu ya kila shimo alikaa dume mmoja, rangi imemkolea, akizunguka na kumfukuza kila aliyesogea. Mjomba akanieleza kwa sauti ya chini kwamba dume huchimba shimo kwa mdomo, jike huja kutaga hapo, kisha huyachukua mayai yote mdomoni na kuondoka nayo. Dume aliye kwenye shimo ukimteremshia chambo atakiuma hata kama hana njaa, kwa hasira ya kulinda. Kumvua ni rahisi mno. Mjomba hakuwahi kuwavua wale, na hakutaka mimi niwavue.

Mbele kidogo, kwenye majani, alininyooshea kidole. Jike alikuwa ametulia, na mbele ya uso wake kulikuwa na wingu dogo la vitu vyenye macho, vidogo mno. Kivuli cha mtumbwi kilipowafikia, wote walimkimbilia mdomoni. Akafumba mdomo, akarudi nyuma kwenye majani. Nilisahau nimeshika fimbo. Mpaka leo sijaona kitu kilichonigusa kama kile ndani ya maji, na nasema hivyo nikiwa nimeshaona bahari.

Tulikuwa bado pale walipokuja vijana wanne na kokoro. Wawili walishika ncha moja ya wavu nchi kavu, wawili wakaingia majini na nyingine kuizungusha kona nzima. Kokoro ni marufuku nchini, na aliyeyaona yale mashimo haulizi kwa nini: linaburuta sakafuni, linafuta mashimo, linabeba mama na watoto walioko mdomoni kwa mkupuo mmoja, na vile visivyofaa kuliwa vinaachwa ufukweni kukauka.

Mjomba, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliuweka mtumbwi katikati ya njia yao, akachomeka upondo kwenye tope na kuushikilia.

"Mbukwenyi, wanangu. Hapa hampiti."

Wakamjibu salamu, maana alikuwa mtu mzima. Mmoja akasema wana watoto wa kulisha. Mjomba akamwambia hata yeye anao, na huyu hapa mbele ni mmojawapo, na mwakani watakula nini? Walisimama wakatazamana, kisha wakakusanya wavu na kuelekea upande wa pili wa matete. Haukupita muda, tukaona maji ya kule yanageuka rangi.

Hatukuendelea kuvua. Mjomba alipiga upondo moja kwa moja hadi ufukweni, na badala ya kupita nyumbani tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mimi nikiwa nimebeba perege wetu kwenye kamba, nguo imelowa hadi kiunoni. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai. Mjomba alimwamkia, akakataa kiti, akaanza kumweleza akiwa amesimama.