Kuruka kamba: hesabu miruko, si dakika

Anayeanza kuruka kamba huogopa kuishiwa pumzi. Pumzi si shida kubwa. Baada ya wiki chache kifua kimezoea, mtu anajiona anaweza kwenda robo saa bila kusimama, na hapo ndipo ugoko unapoanza kuuma. Moyo na mapafu huzoea upesi; kano ya kisigino na mfupa wa ugoko huhitaji miezi. Kwa mwendo wa kawaida, mizunguko 100 hadi 120 kwa dakika, dakika 10 ni miruko 1,000 na zaidi, na kila ukitua miguu inapokea uzito wa mwili mzima. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu miruko.

Kwanza kamba yenyewe. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vuta vishikio juu: vifike kwapani. Ikiwa ndefu mno inajikunja mbele yako na mikono inalazimika kutanuka; ikiwa fupi inanasa vidoleni. Ukikata, kata kidogo kidogo. Kwa anayeanza, chagua ya plastiki yenye unene wa milimita 5 hivi, kwa sababu uzito wake unakufanya uhisi ilipo. Kamba ya katani ni nyepesi na hujisokota. Waya mwembamba wa kasi ukikuchapa mguuni utajuta. Kamba mpya iliyokaa na mikunjo, iloweke kwenye maji ya moto kiasi, kisha inyooshe.

Viwiko vikae karibu na mbavu, mikono mbele kidogo ya nyonga, na kamba izungushwe na vifundo vya mikono. Mabega yakichoka kabla ya miguu, ujue unazungusha mkono mzima. Ruka sentimita 2 au 3 tu, kamba ipate kupita, na utue kwa sehemu ya mbele ya unyayo, magoti yakiwa yamelegea. Kisigino kikigusa chini kidogo baadaye si kosa. Kosa ni kutua nacho.

Wengi hunasa wakifika mruko wa 20 au 30, wakailaumu miguu. Mara nyingi kosa ni la mikono: kadiri mtu anavyochoka, mikono inaachana taratibu na kiwiliwili, na kamba inapanda juu. Irudishe mikono ubavuni, kamba itapita. Kosa lingine ni kuruka mara mbili kwa kila mzunguko. Hilo hukuongezea kutua maradufu bila kasi yoyote. Dawa yake ni kushika vishikio vyote viwili kwa mkono mmoja, kuzungusha kamba pembeni na kuruka kila inapogusa chini, hadi sikio lishike mdundo.

Ruka siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Wiki ya kwanza, sekunde 30 za kuruka na 30 za kupumzika, mara 10. Hiyo ni miruko kama 500. Ongeza 100 kila wiki, si zaidi, hata ukijisikia mwepesi. Ukifika 1,000, nenda kwa raundi kama mabondia: dakika 3 za kuruka, 1 ya kupumzika, raundi tatu. Ukali unaofaa ni ule unaokuruhusu kusema maneno machache tu kwa pumzi moja. Kwa mtu wa kilo 70, dakika 10 za kuruka huchoma takribani kilokalori 140, kwa hiyo anayetaka kupungua aangalie na sahani yake.

Sakafu ya mbao, mkeka wa mpira au udongo ulioshindiliwa vinafaa. Zege ni gumu kwa miguu na hula kamba. Mchanga hauisukumi miguu juu. Vaa raba zenye soli laini mbele. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ujauzito azungumze kwanza na daktari.

Mashavu ya miguu yote miwili yakikaza kwa siku mbili, ni kawaida. Kano ya kisigino ikiwa ngumu asubuhi, punguza miruko nusu. Lakini ukibonyeza ugoko kwa kidole na pakauma mahali pamoja tu, acha kamba kabisa na ukapimwe, maana mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Ukiruhusiwa kurudi, anza na miruko 200.